Mkono wa Breki Niliouloweka Kwenye Munyu

Mwanangu ameniomba nisiandike majina. Anasema watu wa siku hizi hawapendi kujikuta kwenye karatasi ya mtu. Sawa, sitaandika, lakini ajue ninayo yote: jina la mwenye duka na la mke wake, ya mbwa wao wawili, la dereva wa lori aliyetuhamisha, hata la mwalimu aliyemchapa yeye huyu kwa kuja shule na baiskeli ambayo haikuwa yake. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu. Mtu ambaye hakuwa na daftari aliweka kila kitu kichwani, na kichwa changu hakijaliwa na mchwa.

Basi nitasema hivi. Kulikuwa na duka la baiskeli Kitale. Wenye duka walikuwa Makalasinga, na mimi nilifanya kazi kwao nyumbani, hapo nyuma ya duka, miaka kumi na moja. Nilipika na kuosha vyombo. Mume wangu alikuwa akibeba magunia kwenye maghala ya mahindi, na tulipewa chumba kwenye ua huo huo, mlango wao upande huu, mlango wetu upande ule, katikati bomba la maji.

Huyo mama wa dukani tulianza kama mwajiri na mfanyakazi, tukaisha kama watu wawili wanaoviziana. Kwetu, chombo cha mtu hakirudi kichafu, na hakirudi kitupu. Jirani akikuletea ugali kwenye sahani, sahani yake inarudi imeng'aa, na juu yake kuna kitu, hata kama ni mayai mawili. Yeye aliniletea chapati siku ya kwanza. Nikamrudishia sahani na njugu za kukaanga. Akashangaa, kesho yake akaijaza vitu vyao vya sukari akarudisha. Nikaijaza ndizi. Hiyo sahani ilizunguka kwenye ule ua mpaka hakuna aliyejua tena ni ya nani. Mimi najua. Ilikuwa yake.

Na sufuria zangu zilikuwa hadithi. Nilizisugua kwa majivu na gunzi la mahindi, nje na ndani, mpaka mtu anaona meno yake. Mama wa dukani alikuwa akipita ananyang'anya moja, anajitazama, anatengeneza mtandio wake, halafu ananirudishia. "Mama, hii umeosha ama umenunua?" Kila siku swali ni hilo hilo. Nami nilimjibu, "Nimenunua, lete pesa." Wageni wake walioletwa jikoni kuangalia sufuria za mfanyakazi walidhani sisi wote wawili tuna wazimu.

Sasa, yeye alikuwa na kijana, na mimi nilikuwa na kitinda mimba wangu, na walilingana umri. Ni wakati ule watoto walikuwa wakipewa maziwa ya pakiti shuleni. Walikunywa maziwa pamoja, walichapwa pamoja. Halafu ikaja ile baiskeli.

Baiskeli zote nilizojua zilikuwa nyeusi na ndefu, za kubeba mtu na gunia na mtu mwingine. Hii ilikuwa fupi kama mbuzi. BMX. Baba yake aliagiza moja tu, ya mtoto wake. Fremu iling'aa kama sufuria yangu, hilo nililikubali hapo hapo. Mikono ya breki ilikuwa myekundu, na ule wekundu haukuwa wa kupakwa juu kama rangi ya mlango. Uliingia ndani ya bati kama hina kwenye viganja vya maharusi wao. Watoto wa mji walikuwa wakija kusimama mlangoni kuiangalia tu, kama watu waliokuja kutoa pole.

Wale wawili waliipanda zamu kwa zamu, na siku nyingine waliipanda wote kwa pamoja, mmoja akisimama nyuma. Ndivyo walivyoanguka kwenye mteremko wa kwenda stesheni ya reli. Mtoto wa dukani alipoteza kipande cha jino, wangu akaacha ngozi ya goti kwenye lami. Baiskeli yenyewe ilipinda ncha ya mkono wa breki wa kushoto, na lami ikakwaruza ule wekundu mahali padogo, mapana ya kucha. Niliwaosha na chumvi, nikawafunga vitambaa, na kwa baba mtu tulisema wamegongwa na mbuzi. Sote watatu tulisema hivyo. Mbuzi hakuulizwa.

Mwaka huo huo mtoto wa dukani akaambiwa anapelekwa ng'ambo kwa wajomba zake, kusoma. Asubuhi ya kuondoka alisukuma baiskeli mpaka mlangoni kwetu, akamwambia mwanangu, "Kaa nayo. Lakini uitunze hivi hivi. Nikirudi nataka ile ile."

"Ile ile," wangu akasema.

Wakashikana mikono kama wazee waliouziana ng'ombe. Nilikuwa nasugua karai pale bombani, niliona.

Baada ya hapo hata sisi tukaondoka. Mume wangu alipata shamba Kamukuywa, na siku ya kuhama ndiyo siku ya aibu yangu. Nilikuwa nimepika maharagwe kwenye sufuria yangu, yale ya munyu ambayo mama wa dukani aliyapenda, ili nimwachie ya kuagana. Munyu wetu sio chumvi ya duka. Unachoma maganda makavu ya maharagwe, unachuja majivu yake kwa maji, na yale maji ndiyo yanalainisha mboga na maharagwe. Nilitaka kuyamimina kwenye bakuli safi, lakini lori lilikuwa barabarani, dereva anapiga honi kama anafukuza nyani. Nikampa mama wa dukani sufuria vile ilivyotoka kwenye mafiga, nje imejaa masizi, nyeusi tititi. Yeye aliiangalia, akaniangalia mimi, akaanza kutabasamu. Sikumpa nafasi ya kusema. Nilipanda lori.

Sufuria hiyo haikurudi. Kwa miaka yote nimekuwa nikisema, "Yule mama alibaki na sufuria yangu," na watoto wangu wakadhani ninalilia sufuria. Nilikuwa nalilia yale masizi.

Mwanangu aliipanda baiskeli mpaka ikawa ndogo, magoti yakagonga hendo, yaani usukani. Halafu akaenda sekondari, akaenda koleji, akapata kazi ya serikali Bungoma, akapata tai, akapata tumbo. Baiskeli ilining'inia kwenye ghala langu, juu ya maganda ya maharagwe. Mara mbili nilitaka kumpa mtu wa vyuma chakavu. Mara mbili mwanangu alipiga simu kutoka Bungoma kana kwamba amenusa.

Mwaka huu, mvua za kwanza zilipoanza, ndipo alipopigiwa simu na yule rafiki yake. Baba yake na mama yake wote wamefariki, mama alifia huko huko ng'ambo. Yeye amekuja Kitale kufunga duka na kuuza jengo, atakaa wiki tatu halafu aende, na hadhani atarudi tena. Walizungumza habari za watoto na ugonjwa wa sukari. Halafu akauliza, "Bado iko?"

Mwanangu akamwambia, "Iko. Ile ile."

Akakata simu, akaketi kwenye kochi langu. "Mama," akasema, "sijui hata kama iko."

Ilikuwako. Tuliishusha. Nyigu walikuwa wamejenga chini ya kiti, na kutu ilikuwa imetambaa juu ya fremu kama upele. Mwanangu aliizunguka mara tatu na mikono mfukoni. Kwa watu wengine hiyo ingekuwa baiskeli mbovu. Kwake yeye ilikuwa neno alilotoa akiwa mtoto, na mwenye neno alikuwa amekuja kulidai, amebakisha wiki tatu.

Mimi nilisema, "Haya, ni kazi ya siku moja. Lete majivu."

"Hapana, Mama. Hapana majivu."

Hapo ndipo nilipojua kwamba mwanangu ameingia kanisa lingine. Kwenye simu yake kuna kundi la wazee wenzake, wengine Nairobi, wengine nchi za baridi, wenye baiskeli za namna hiyo. Dini yao ni kwamba kitu cha zamani hakisuguliwi. Unakisafisha kwa sabuni kidogo na mafuta kidogo, kutu unaitoa polepole kwa kipande cha karatasi ya foili uliyolowesha, lakini mkwaruzo unauacha, rangi iliyofifia unaiacha, stika iliyochanika unaiacha. Ukisugua mpaka kiwe kipya, umekiua.

"Mtu akikirudisha kikiwa kichafu je?"

"Sio uchafu, Mama. Hiyo ni orijino."

"Mimi nikikuletea chai kwenye kikombe chenye ugoro wa babu yako, nitakwambia ni orijino?"

Mjukuu wangu, binti yake, anayesoma chuo huko Bungoma, alikuwa amekaa kizingitini na simu yake. Alicheka mpaka akaegemea mlango. "Kukhu," akasema, maana hivyo ndivyo wanavyoita bibi kwetu, "achana na buda. Wiki yote anasoma mambo ya kutu, ata mum amechoka." Buda kwa lugha yao ni baba.

Basi Jumamosi ya kwanza mwanangu, mtu ambaye wakubwa hupiga foleni mlangoni kwake kutafuta sahihi, alikaa kwenye stuli yangu ya kukamulia maziwa, miwani puani, akisugua baiskeli kwa mswaki. Mswaki wa mtoto, wenye picha ya bata. Majirani walipita wakapunguza mwendo. Mmoja akaniuliza kwa upole kama kijana anaendelea vizuri kazini. Nikamwambia anaendelea vizuri, amepewa likizo. Nilifanya makusudi kutosema ni likizo ya nini.

Lakini kusema ukweli fremu ilianza kutoka. Haikung'aa kama sufuria. Iling'aa kama jicho la mtu mzee, kuna mwanga na kuna mawingu. Nilimwambia imebaki nusu. Akasema ndivyo inavyotakiwa. Moyoni sikukubali. Nilimfikiria mtoto wa dukani anapokea kitu chake kutoka nyumbani kwangu, kwangu mimi, kikiwa na mawingu. Mama yake alishapokea kitu kimoja kichafu kutoka mikononi mwangu. Familia moja haiwezi kupokea viwili.

Jumamosi ya pili alikuja akaifungua vipande. Akaweka vitu vidogo vidogo kwenye karai, akaenda Kitale kutafuta tairi. Alipofika getini aligeuka. "Mama, usiguse."

"Nimegusa nini?"

"Nakujua."

Ananijua. Alikuwa hajafika hata kwenye lami nilipoinamia karai. Ule mkono wa breki wa kushoto ndio ulionitazama. Mafuta meusi yalikuwa yamekauka kwenye maungio yake, na ule mkwaruzo wa lami ulikuwa umejaa tope la tangu zamani. Nikasema huu mmoja tu. Sikutaka kuusugua, nilimheshimu. Nilitaka tu kuuloweka. Na jikoni nilikuwa na chungu cha munyu niliouchuja asubuhi, mkali, wa kupikia kunde.

Sasa nisikilizwe vizuri. Kila mwanamke wa huku anajua munyu mtupu hauwekwi kwenye sufuria; wa kutia kidogo kwenye maharagwe ni sawa, lakini haulazwi humo. Unakula bati. Munyu unawekwa kwenye chungu cha udongo au kibuyu, mama yangu alinifundisha kabla sijajua kufunga nguo. Lakini sufuria ni bati laini, na baiskeli ni chuma. Mimi nilidhani baiskeli yote ni chuma. Nani aliniambia kwamba mkono wa breki umetengenezwa na bati lile lile la sufuria?

Niliuzamisha. Ukaanza kuchemka kama soda iliyofunguliwa. Nikafurahi, nikasema uchafu huo unatoka. Nikaenda kuchambua kunde. Niliporudi, maji yalikuwa yamegeuka rangi ya maji aliyooshewa kuku aliyechinjwa. Nikafurahi tena, kidogo kuliko mara ya kwanza. Nikautoa, nikaupitisha gunzi na majivu mara tatu tu kwa mazoea ya mkono, nikasuuza.

Ulikuwa mweupe. Mweupe wa kung'aa, mzuri kabisa, ungeweza kutengeneza mtandio mbele yake. Ule wekundu wote ulikuwa umebaki kwenye chungu.

Nilikaa chini. Niliuweka mezani kando ya ule mwingine mwekundu, wa kulia, ambao sikuwa nimeugusa. Ilikaa hapo kama ndugu wawili, mmoja ametoka mazishini na mwingine arusini. Mjukuu wangu aliingia, akaangalia, akafunika mdomo.

"Kukhu. Umemaliza hiyo kitu, bana."

"Baba yako akija mwambie nimelala."

"Si ni saa sita mchana?"

"Mwambie nimezeeka."

Mwanangu alirudi na tairi mbili begani. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliuchukua, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye ncha iliyopinda. Akauliza, "Ulitumia nini?" Nikamwambia. Akauliza, "Wa maharagwe?" Nikasema ndiyo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba miwani ndiyo iliyofanya makosa.

"Nilimwambia ile ile," akasema.

Nilimpa kunde. Hakula.

Mjukuu ndiye aliyeleta maarifa. Alitoa kyuteksi ya kucha kwenye mkoba, nyekundu, akapaka tone moja chini ya ule mkono mweupe, upande usioonekana. Tukausogeza karibu na ule mwingine. Nawaambia, ilikuwa rangi ile ile. Ungepaka wote na hata aliyeutengeneza asingejua. Na mwanangu akasema kuna mtu kwenye lile kundi ana mkono mzima, wa miaka hiyo hiyo, angeweza kuutuma ukafika kabla ya Jumamosi ya tatu.

Nikaona anafikiria. Ninamjua mwanangu akifikiria kusema uongo, anakuna sikio la kushoto, tangu siku ya mbuzi. Alilikuna muda mrefu. Halafu akamwambia binti yake, "Lete ile dawa yako ya kutolea." Akachovya pamba, akafuta lile tone lote, hata kwenye maungio, kwa ule mswaki wa bata.

"Nikipaka," akasema, "nitakuwa nimeitengeneza ifanane na ile. Hiyo sio ile. Nitampelekea ikiwa nyeupe, na nitamwambia ni wewe."

"Mwambie."

"Nitamwambia mbele yako."

"Kwani naogopa mtoto niliyemfunga kitambaa?"

Lakini niliogopa. Wiki hiyo yote niliogopa. Nilikaanga njugu kilo mbili, nikazichagua moja moja kama ninachagua mbegu, maana kama kitu kinarudi kikiwa na aibu, basi angalau kisirudi kitupu.

Jumamosi ya tatu tulikwenda Kitale kwa gari la mwanangu, baiskeli nyuma, mjukuu na mimi tumepakata zile njugu. Tulipofika Kiminini nilimwuliza mwanangu kama ana njaa. Akasema hana. Mtu wa tumbo lile kukosa njaa, nikajua mambo ni mazito.

Duka lilikuwa limefunguliwa mlango mmoja. Ndani rafu zilikuwa tupu, vumbi limechora mahali vitu vilipokuwa. Akatoka mzee wa ndevu nyeupe na kilemba cha bluu, na mimi nilitaka kumwuliza mtoto yuko wapi, mpaka akacheka na nikaona lile jino. "Mama," akasema, na akainama kunigusa miguu kama mama yake alivyomfundisha, halafu akanisalimia kwa Kiswahili chetu cha pale uani, ambacho ng'ambo hawakumwibia.

Mwanangu aliiteremsha baiskeli. Yule rafiki yake aliizunguka mara tatu na mikono mfukoni, sawasawa na mwingine alivyofanya ghalani kwangu. Mwanangu akaanza kusema haraka haraka, kama mtu anayetoa ushahidi. Fremu ni ile. Kiti ni kile, kimechanika lakini ni kile. Cheni ni ile. Tairi tu ndizo mpya, za zamani zilioza, lakini ameziweka kwenye gunia kama atazitaka. Na yule mzee anaitikia kwa kichwa, mkono wake ukitambaa juu ya hendo, kulia, kuna wekundu, kushoto.

Ukasimama.

Mwanangu akafungua mdomo. Nikamtangulia. "Huo ni mimi."

"Wewe, Mama?"

"Ulikuwa mchafu. Nikauloweka."

"Kwenye nini?"

"Munyu."

Aliniangalia. "Wa maharagwe?"

Mbona kila mtu anauliza hivyo. "Wa maharagwe."

Alitafuta sanduku la kukalia, akakaa, akacheka. Alicheka bila sauti kwanza, mabega tu, halafu na sauti, akafuta macho kwa ncha ya kilemba. Mwanangu alikuwa bado amesimama wima kama mtu anayengoja hukumu. Yule rafiki yake alinyanyuka, akaweka kidole gumba kwenye ile ncha iliyopinda, akakipitisha mahali lami ilipokwaruza. Mimi sikuwa nimejua kwamba hata munyu haukuweza kupafuta.

"Mbuzi yuko," akasema.

"Yuko," mwanangu akasema.

"Hujabadilisha?"

"Ningeweza. Nilipata mwingine, mwekundu kabisa. Sikubadilisha."

"Basi ni ile ile," akasema yule mzee. "Pamoja na mama yako."

Niliona mabega ya mwanangu yakishuka. Dakika hiyo hiyo akauliza kama kuna mahali karibu pa kupata chakula.

Nikatoa njugu zangu, nikazifunga kwenye hendo. Yule rafiki aliziangalia, akatikisa kichwa, akasema ngojeni, na akapotea huko nyuma uani. Tulisikia akisogeza masanduku. Alirudi amebeba sufuria.

Sikuhitaji kuambiwa. Sufuria yangu, ya lita tatu, isiyo na mikono, ina kibonyeo pale mume wangu alipoiangusha. Ndani ilikuwa imeoshwa. Nje masizi yote yalikuwako, ya kuni zangu, nyeusi tititi, miaka yote hiyo.

"Baba alitaka iondolewe stoo," akasema. "Mama alikataa. Mfanyakazi aliyekuja baada yako alitaka kuiosha, akamkataza. Alisema siku ile moja ndiyo aliyokushinda, na hii utaosha mwenyewe ukija. Hata huko ng'ambo alikuwa akimwuliza Baba kwa simu, ile sufuria bado ni chafu?"

Sikwenda. Miaka yote hiyo Kitale iko hapo, na mimi sikwenda, kwa sababu ya masizi. Nilisema tu, "Mama yako alikuwa mtu mbaya," na yeye akasema, "Sana."

Halafu akakumbuka. Akaishika sufuria, akaangalia ndani yake, akaangalia rafu zake tupu. Aliranda duka zima akitafuta cha kutia. Chini ya kaunta akapata sanduku la kengele za baiskeli, mpya, za mwisho. Akazimimina zote ndani mpaka ukingoni, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Tulirudi Kamukuywa tukilia njia nzima. Kila shimo la barabara, kengele thelathini. Watu wa Kiminini walitupisha.

Nilipofika sikupumzika. Nilizimwaga kengele kwenye karai, nikachukua stuli, nikatafuta gunzi, nikachota majivu ya kiganja. Kazi ya dakika kumi. Neno lenyewe lilikuwa wazi, nimeachiwa na marehemu: utaosha mwenyewe. Nikainua mkono. Mwanangu akatokea mlangoni, mdomo umejaa chapati, akaninyooshea ule mswaki wa bata.

"Mama, nikusaidie?"

Nilimwambia atoke mbele yangu. Akatoka. Nikabaki na gunzi langu. Nikamwona yule mama ananyanyua sufuria, anatabasamu, mara ya mwisho, mimi nikiwa na mguu mmoja kwenye lori. Nikiosha, mzaha wake umekwisha. Atakuwa hana cha kunisema tena.

Nikayarudisha majivu mekoni.

Sasa sufuria iko sebuleni kwangu, juu ya kabati, katikati ya vikombe vya wageni, masizi yake yote. Mke wa mwanangu aliikaribia mara moja na waya wa kusugulia, nikamwuliza kama kwao hakuna vyombo. Mwanangu anapita anaitazama, ananitazama, na naona anajisikia askofu. Siku za Alhamisi, akina mama wa kanisa wakija kwangu kwa maombi, ninaifunika na kitambaa cha kufuma. Wakishatoka getini, ninaifunua.